Hisia katika Maamuzi ya Biashara za Familia za Elburgon

Biashara ya familia ni ile ambayo watu wa ukoo mmoja wanaimiliki na pia wanaiendesha. Anayepokea gawio bila kushika kazi ni mwenye hisa tu. Elburgon, mji wa reli na mbao katika eneo la Molo, kaunti ya Nakuru, una aina zake: viwanda vya kupasua mbao, maduka, malori na biashara ya viazi.

Hisia zinazoelekeza maamuzi humo ni tatu: kicho, hofu na kinyongo. Mapenzi hayahesabiwi kando, kwa kuwa yamo ndani ya zote.

Kicho ni heshima iliyochanganyika na woga mbele ya mwasisi. Kwa kicho watoto hufanya kazi bila mshahara na amri hubaki moja. Kwa kicho hichohicho hakuna anayeuliza nani atarithi usukani, maana kuuliza ni kama kumtakia mzee kifo. Ndiyo hisia nzito kuliko zote, ingawa haina kelele. Mzee akifariki bila swali hilo kujibiwa, sheria ndiyo huamua. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inakataza kugusa mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa idhini. Kifungu cha 40 huigawa mali ya mume wa wake wengi asiyeacha wasia kwa nyumba, kulingana na idadi ya watoto, kila mjane akiongezwa katika hesabu. Aliyesimamia mashine miaka ishirini hapati cha ziada kwa sababu hiyo.

Hofu ina asili mbili hapa: ghasia za kipindi cha uchaguzi za 1992 na 2007–2008, na marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018, ambayo Rais William Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023. Mwenye hofu hununua shamba badala ya mashine mpya.

Kinyongo si wivu. Mwenye wivu hutamani cha mwenziwe. Mwenye kinyongo huamini amepunjwa chake. Mifano mikubwa ilianzia Rongai, katika kaunti hiyohiyo ya Nakuru: maduka makubwa ya Tuskys ya Joram Kamau na Naivas ya ndugu yake, Peter Mukuha Kago. Baada ya waasisi kufariki, mizozo ya ndugu wa pande zote mbili ilifika mahakamani. Tuskys ilianguka, madeni ya wauzaji bidhaa yakiwa sababu kubwa. Naivas iliuza sehemu ya hisa kwa wawekezaji wa nje mwaka 2020. Faida ya mtu wa nje ni hii: mkurugenzi asiye wa ukoo anaweza kudai vitabu vya hesabu mezani bila kuonekana amemkosea kaka mkubwa adabu.