Bei ya Gitaa Lililokwisha Pigwa

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya magitaa ya umeme, methali hii imepata mtihani mzito. Kati ya mwaka 1958 na 1960, kampuni ya Gibson ya Marekani ilitengeneza magitaa ya Les Paul yenye rangi ya jua linalokuchwa. Wanunuzi walikuwa wachache, na mwaka 1961 umbo lake likabadilishwa. Haukupita muda mrefu, wapigaji wa Uingereza, akiwamo Eric Clapton, wakayapata yakiwa yamekwisha tumika, wakayaliza kwa namna iliyowaduwaza vijana. Leo moja la miaka ile, likiwa na viungo vyake vya asili, huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Mbao ni zile zile. Kilichoongezeka ni kumbukumbu ya mikono.

Basi bei ya haki ya gitaa la namna hiyo ni ipi, kwa mpigaji asiye tajiri? Swali hili lafaa kuulizwa Ngana, kata ya Kyela iliyo jirani na mto Songwe, katika nchi ya mpunga na kakao kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Watu wa mwambao huo waliijua mapema adha ya chombo kisichonunulika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, bendi za askari wa King's African Rifles ziliwavutia vijana wa pande zile, lakini tarumbeta za shaba zilikuwa mbali na mfuko wa mkulima. Wakachukua vibuyu, wakavitoboa na kuvitia utando mwembamba unaotetema, wakaimba ndani yake. Hayo ndiyo malipenga.

Gitaa nalo lilifuata njia ya kibarua. Wanyakyusa wengi walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, Chunya, na wengine wakavuka mipaka hadi migodi ya Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini. Huko kusini kampuni ya Gallo ilitengeneza magitaa ya bei nafuu yaliyoitwa Gallotone, na vibarua wa ukanda huu walirudi makwao na magitaa mikononi. Gallotone moja ilifika hata Liverpool, kwa kijana John Lennon, mwaka 1957. Mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa mnadani London kwa paundi 140,000. Mengine ya aina yake, yaliyopigwa vilabuni na barazani hadi mbao zikaachana, hayakupata dalali wa kuyasemea.

Yaliyofika Dar es Salaam yalikuwa na mkasa wake. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ililipa wanamuziki mishahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Bendi nyingi zilifuata utaratibu huo. Mlimani Park ilipozaliwa mwaka 1978, ikiwa na mafundi wa nyuzi kama Michael Enoch, Abel Balthazar na Joseph Mulenga, vyombo vilikuwa vya shirika la usafiri na teksi lililoiunda. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akawavuta baadhi ya nyota wa bendi hiyo, Balthazar akiwa mmojawapo, wakaenda Orchestra Safari Sound. Watu walihama, magitaa yakabaki. Fedha za kigeni zilikuwa adimu miaka hiyo, na hata serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe mwaka 1984, ni wapigaji wangapi walikuwa na dola?

Hivyo gitaa la bendi lilipita mkono hadi mkono bila hati. Nyimbo zilihifadhiwa katika kanda za Redio Tanzania. Chombo kilichozipiga kiliandikwa, kama kiliandikwa, katika orodha ya mali za ofisi. Gitaa la Ulaya lilipanda thamani kwa sababu ya aliyelipiga, na la Dar es Salaam likashuka kwa sababu ya uchakavu, ijapokuwa ustadi wa vidole haukuwa haba.

Anayenunua leo hana budi kutenganisha bei mbili. Ya kwanza ni ya mkusanyaji. Huyu hulipia rangi ya kiwandani, namba ya gitaa, sumaku za asili zinazonasa sauti, na mwaka: Fender lililotengenezwa kabla ya kampuni hiyo kuuzwa kwa CBS mwaka 1965 lina soko lake peke yake. Gitaa lililopakwa rangi upya hupoteza sehemu kubwa ya thamani hata likilia vizuri. Kwa mkusanyaji hiyo ni hasara, kwa mpigaji ni neema.

Bei ya pili ni ya mpigaji. Yeye hutazama shingo kama imenyooka, na kama chuma kilichomo ndani yake bado chakazika. Hupima vichuma vya shingoni kama havijalika. Hubonyeza kila uzi kila mahali, kisha hulichomeka kwenye amplifaya na kuzungusha vifundo asikilize mikwaruzo. Gharama ya matengenezo huiondoa katika bei kabla ya kutaja neno la mwisho. Akilipa kwa sifa ya jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa, huenda amenunua bandia.

Kijana wa Ngana atakayeuza mpunga wa msimu ili apate gitaa la daraja la juu anastahili bei hiyo ya pili. Lakini asisahau kumwuliza muuzaji limepita kwa nani, bendi gani, mwaka gani, na kuyaandika majibu kwenye karatasi aiweke ndani ya mkoba wa gitaa. Atakayelinunua kwake atajua, pamoja na bei, jina la aliyelipiga Kyela.