Pesa ya siri iliyokosa wateja

Nikitaja Bitcoin, wengi hunijibu kitu kile kile: ati hiyo ni pesa ya siri, serikali haiioni. Hebu turudi nyuma kidogo, maana historia inasema vingine.

Mwaka 1982 Mmarekani David Chaum aliandika makala akionya kwamba malipo ya kompyuta yatamfichulia mtu mwingine unakokwenda, unaoshirikiana nao na namna unavyoishi. Hakuishia kulalamika. Alileta na dawa, akaieleza kwa mfano wa bahasha.

Unaandika namba kwenye karatasi, unaitia ndani ya bahasha pamoja na karatasi ya kaboni, unapeleka benki. Benki inakata pesa kwenye akaunti yako na kugonga mhuri juu ya bahasha bila kuifungua. Ukiifungua mwenyewe, unakuta mhuri umepenya hadi kwenye karatasi. Hiyo ndiyo noti yako. Mwenye duka akiipeleka benki, wanautambua mhuri wao, wanahakikisha namba ile haijatumika, wanamlipa. Ila hawajui ilitoka kwenye bahasha ya nani.

Angalia jambo moja hapo: siri ni ya mlipaji tu. Anayepokea lazima aende benki, kwa hiyo kipato chake kinaonekana. Na mlipaji akitaka, anaweza kuthibitisha alimlipa nani. Mla rushwa angelala roho juu!

Chaum alianzisha kampuni ya DigiCash mjini Amsterdam, na mwaka 1995 Mark Twain Bank ya Marekani ikaanza kutoa pesa hizo kwa wateja. Mwaka 1998 kampuni ikafilisika. Haikuuawa na serikali. Maduka yaliyoipokea yalikuwa machache, watu wakaona kadi zao zinatosha.

Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, ilishika njia nyingine. Haina benki, ina daftari moja lililo wazi kwa dunia nzima. Daftari haliandiki majina, lakini siku unapobadilisha pesa kwenye soko linalodai kitambulisho, jina linapatikana, na nyayo zako za nyuma zote zinasomeka. Agosti 2016 ziliibwa bitcoin 119,754 kutoka soko la Bitfinex. Februari 2022 Marekani ikatangaza kuwakamata mume na mke huko New York na kutwaa zaidi ya bitcoin 94,000, zenye thamani ya dola bilioni 3.6 wakati ule. Daftari halikusahau.

Mwizi akamatwe, sawa kabisa. Lakini daftari halichagui wa kumfuata. Huku kwetu, tangu M-Pesa ianze Kenya Machi 2007, tumezoea kampuni ya simu ijue nani kamtumia nani, kiasi gani, saa ngapi. Mimi mwandishi wa habari nikimtumia nauli mtu aliyenipa siri ya ofisi yake, nimeshamwandika jina. Kwa bahasha ya Chaum, angeonekana kapata pesa, lakini si kutoka kwangu.

Sasa benki kuu nazo zinatengeneza pesa zao za kidijitali. Nigeria ilizindua eNaira Oktoba 2021. Tunabishana kama siri iwepo au isiwepo, wakati swali ni siri ya nani. Mimi nasema ya anayetoa, si ya anayepokea. Wenzangu mwaonaje?