NUSU KAPUTI BILA MASHINE: IJUE DAWA YA KETAMINI

Wadau, mjamzito wa Songo Mnara akihitaji operesheni inabidi avuke bahari kwa boti, halafu ndo aanze safari ya nchi kavu mpaka hospitali ya wilaya, Kinyonga, kule Kilwa Kivinje. Akifika kashapoteza damu nyingi, dawa ya usingizi yenyewe inaweza kumuua. Hapo ndo ketamini inaposaidia.

INAFANYAJE KAZI?
Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa glutameti. Inaamsha seli zipelekeane habari, zikiwemo za maumivu, kwa kushika vipokezi, yaani kama milango ya seli. Ketamini inaziba mlango mmojawapo, unaitwa NMDA. Mgonjwa anaweza hata kufumbua macho, lakini hajui anachofanyiwa.

Uzuri wake, kwa kipimo sahihi mgonjwa kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe na presha haishuki kirahisi. Inachomwa kwenye mshipa au kwenye msuli. Kwa hiyo hata pasipo mashine ya kupumulia, operesheni inawezekana.

IMETOKA WAPI?
Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, ikaruhusiwa huko 1970. Tangu 1985 Shirika la Afya Duniani (WHO) linaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Mwaka 2015 China iliomba Umoja wa Mataifa uidhibiti kimataifa, sababu kuna watu wanaitumia kulewa. WHO ikapinga, ikisema wagonjwa wa nchi maskini watakosa upasuaji. Pendekezo likawekwa kando.

HATARI ZAKE
Inapandisha presha, kwa hiyo mama mwenye dalili za kifafa cha mimba kwa kawaida hutafutiwa njia nyingine. Huyo dawa yake ya kuzuia degedege ni magnesiamu salfeti, ambayo nayo inaziba mlango uleule wa NMDA! Utafiti wa mwaka 2002 kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu.

Na wanaoitumia kama kilevi wajue inaharibu kibofu cha mkojo.

Ndugu zangu, mgonjwa akizinduka anaweza kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo. Msikimbilie kusema kapandisha majini mkamtoa wodini. Mwiteni nesi, mkae naye kwa utulivu, kwa kawaida inaisha yenyewe. Na kama ana presha, semeni KABLA hajaingia chumba cha upasuaji.

Mwenye la kuongeza, karibu.