Mwanamke Akianguka

Mama alinifundisha kuendesha vespa nilipokuwa na miaka 16, Jumapili asubuhi, kwenye viwanja vya Maisara, kabla watoto wa mpira hawajafika. Yeye alikuwa keshaiendesha miaka mingi: kazini, sokoni, harusini, mazikoni, baibui kalikunja chini ya mapaja, mkoba kautundika mbele ya magoti. Alinipa sheria tatu. Usishike breki ya mbele penye mchanga. Usimuamini dereva wa daladala. Na usikimbie.

Mbili za mwanzo nimezishika mpaka leo. Hii ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike.

Unguja, mwanamke juu ya vespa si kioja. Simama Darajani saa moja na nusu asubuhi utawaona: walimu, wauguzi, makarani wa serikali, mama kambeba mtoto wa skuli nyuma na mwengine kasimama mbele. Sehemu ya sifa inamwendea mtu ambaye hakuwa akitufikiria sisi hata kidogo. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege wa Kiitaliano, hakuzipenda pikipiki. Aliziona chafu na zenye tabu kupanda. Kampuni ya Piaggio ilipomtaka abuni chombo cha bei nafuu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, aliifunika injini ili isichafue nguo, akaacha nafasi wazi mbele ya kiti ili mtu apande bila kurusha mguu. Vespa ikaingia sokoni mwaka 1946. Kwa anayevaa baibui, nafasi ile wazi ndiyo mlango wenyewe.

Lakini kwenda kazini ni jambo moja, na kushindana ni jambo jengine. Jioni, barabara ya kuelekea Bububu, vijana wa kiume hulala kifudifudi juu ya tangi la mafuta na kufukuzana. Siwatamani. Hawana kofia ngumu, na mbele yao huenda akatokea mtoto anavuka au gari la ng'ombe. Mimi natamani kitu chengine: barabara iliyofungwa, waamuzi wenye bendera, suti ya ngozi, na mstari mmoja wa kuanzia kwa wote. Sitaki iwe kazi yangu. Nataka mbio za ridhaa, za mtu anayerudi kazini Jumatatu mikono ikinuka petroli.

Tamaa hiyo ina tarehe. Septemba 2018, binamu yangu alinionesha kwenye simu yake Ana Carrasco, msichana wa Kihispania wa miaka 21, akitawazwa bingwa wa dunia wa Supersport 300 kwa tofauti ya pointi moja. Hakuna mwanamke aliyewahi kabla yake kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki barabarani akiwa peke yake juu ya pikipiki, na alikuwa akishindana na wanaume. Nikaangalia mara tatu, kisha nikaenda jikoni kumwambia Mama kwamba nami nataka kukimbia.

Hakupiga kelele. Alisema: "Mwanamme akianguka, watu husema ajali. Mwanamke akianguka, watu husema: si tulisema?"

Sikuwa na jibu. Sasa nasomea shahada ya uzamili ya historia, na kwa miaka yote hii nimekuwa nikilitafuta jibu lile katika vitabu ambavyo vingi havikuwa kwenye orodha ya mwalimu wangu.

Nilianzia Brooklands, kiwanja cha mbio cha saruji kilichofunguliwa mwaka 1907 karibu na Weybridge, nje kidogo ya London. Klabu ya mbio za pikipiki ya Uingereza ilikuwa ikitoa pale Nyota ya Dhahabu kwa yeyote aliyekamilisha mzunguko, ndani ya mashindano, kwa kasi ya zaidi ya maili 100 kwa saa, yaani karibu kilomita 161. Wanawake waliopata nyota hiyo ni watatu tu. Florence Blenkiron alitangulia mwaka 1934. Mwaka huohuo akafuata Beatrice Shilling, mhandisi wa ndege. Wa tatu, Theresa Wallach, aliipata mwaka 1939, na huyu ndiye aliyenishika zaidi.

Wallach alizaliwa mwaka 1909 akakulia London. Pikipiki alifundishwa na rafiki zake, halafu akapata ufadhili wa kusomea uhandisi. Alipotaka kujiunga na klabu ya pikipiki alikataliwa kwa sababu ni mwanamke. Kujua kuendesha alikuwa anajua. Alichokosa ni mtu wa kumfungulia daftari la wanachama na kuandika jina lake. Nikakumbuka jinsi tunavyosimuliana habari za wanawake kama hawa. Tunasema walikuwa mashujaa, tunawapigia makofi, tunamaliza. Lakini ushujaa walikuwa nao tangu mwanzo. Kilichochelewa ni karatasi: uanachama, leseni, fomu ya kuingia mashindanoni. Kila karatasi ina mtu aliyeishikilia, na mtu huyo ana sababu zake.

Wallach na Blenkiron hawakungoja. Tarehe 11 Desemba 1934 waliondoka London na pikipiki moja aina ya Panther, injini ya sentimita za ujazo 600, yenye kigari pembeni na tela nyuma. Walikuwa wanakwenda Cape Town. Wakalikata jangwa la Sahara bila dira, injini ikawafia njiani, wakahangaika nayo hadi ikawaka tena. Walishuka kupitia Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, na tarehe 29 Julai 1935 wakafika. Unguja hawakuvuka. Lakini mwaka ule ambao huku santuri za Siti binti Saad zilikuwa zinalia majumbani, wasichana wawili waliojaa vumbi walikuwa wakiisukuma pikipiki yao katika njia za Tanganyika, ng'ambo ya bahari yetu tu. Jambo hilo sikulisoma skuli.

Mwaka 1939 vita vikaifunga Brooklands, na mbio hazikurudi tena pale. Ila heshima kubwa ya mbio za barabarani tangu zamani ilikuwa kwengine, tena kisiwani.

Isle of Man iko baharini kati ya Uingereza na Ireland, na ni ndogo kuliko Unguja. Ukubwa wake haufiki nusu ya wetu. Sheria ya Uingereza haikuruhusu barabara za umma zifungwe kwa mashindano. Kisiwa kile kina bunge lake, nalo mwaka 1904 likapitisha sheria ya kuzifunga. Pikipiki zilianza kushindana huko mwaka 1907, na mashindano yenyewe yanajulikana kama TT. Njia yake ya milimani ina kilomita 60 na kidogo kwa mzunguko mmoja, karibu sawa na kutoka mjini kwetu hadi Nungwi, ikipita katikati ya kuta za mawe, milango ya nyumba na nguzo za umeme. Zaidi ya watu 250 wamekufa katika njia hiyo. Nimeandika idadi hii kwa makusudi, kwa sababu Mama hakuwa anaota. Mchezo huu unaua.

Mwaka 1954 Inge Stoll, Mjerumani, alikuwa mwanamke wa kwanza kushindana TT, akiwa abiria wa kigari cha pembeni kilichoendeshwa na Jacques Drion, Mfaransa. Wakamaliza wa tano. Abiria katika mbio hizo si mtu wa kukaa tu. Hujirusha huku na huku ili chombo kisipinduke kwenye kona. Mwaka 1958 wawili hao walikufa pamoja, mashindanoni, mjini Brno.

Kisha akaja Beryl Swain. Alikuwa na miaka 26, na mumewe alikuwa na duka la pikipiki Walthamstow, London. Mwaka 1962 aliingia TT peke yake juu ya pikipiki ndogo ya Kiitaliano aina ya Itom, injini ya sentimita za ujazo 50, ndogo kuliko ya vespa ya Mama. Mizunguko miwili: nenda Nungwi urudi. Mzunguko wa mwisho gia ya juu ikamkatalia, akaendelea hivyohivyo, akamaliza wa 22 kwa wastani wa kilomita 78 hivi kwa saa. Hakuna mwanamke aliyewahi kushindana pale peke yake kabla yake.

Baada ya hapo wakuu wa mchezo wakamnyang'anya leseni ya kimataifa. Hawakusema alikuwa mzito, wala hawakusema alivunja kanuni. Walihofia mwanamke akifa mbioni jina la mchezo litaharibika. Alipigania arudishiwe, hakurudishiwa. Ikapita miaka 16 hadi mwanamke mwengine, Hilary Musson, alipoanza mbio hizo peke yake mwaka 1978.

Niliposoma habari hiyo nilikifunga kitabu. Hofu ya wakuu wale ilikuwa ndiyo hofu ya Mama. Wanaume walikuwa wakifa katika njia ile tangu kabla hajazaliwa Swain, na hakuna aliyependekeza wanaume wanyang'anywe leseni. Mwanamme akianguka, ni ajali. Tofauti ni kwamba Mama aliyasema yale kwa kunipenda na kwa kuwajua watu, na hakuwa na kalamu ya kumfutia mtu jina. Wao walikuwa nayo.

Mambo yamebadilika, na yamechukua muda wake. Mwaka 2024 yalianzishwa mashindano ya dunia ya wanawake ya mbio za pikipiki za viwanjani, na bingwa wa kwanza akawa Carrasco yuleyule wa simu ya binamu yangu. Wapo wanaouliza kwa nini wanawake watengwe wakati yeye keshawashinda wanaume. Swali ni la haki. Lakini nikimfikiria Wallach mbele ya daftari lile lililofungwa, naona pia faida ya kuwa na mlango ambao hakuna mtu anayesimama kukuuliza umefuata nini.

Mwezi uliopita nilipata fomu ya mafunzo ya siku moja kwa wanaoanza mbio, huko bara. Nilijaza jina, umri, kundi la damu. Palibaki sehemu moja: mtu wa kuarifiwa likitokea jambo. Niliiweka fomu mkobani siku nne.

Siku ya tano nilimkuta Mama barazani akichambua mchele. Sikuitoa fomu. Nilimsimulia Beryl Swain, kuanzia duka la mumewe hadi leseni. Alisikiliza akitupa vijiwe pembeni.

"Walimuondoa baada ya kuumia?"

"Hakuumia, Mama. Alimaliza mbio."

"Hakuanguka?"

"Hakuanguka."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema taratibu, kama anayejirekebisha mwenyewe: "Kumbe hata asipoanguka."

Hapo ndipo nilipoitoa fomu. Aliisoma yote, pamoja na maandishi madogo ya chini, akauliza kama suti ya ngozi watanipa wao au natakiwa niende na yangu, na kama kuna daktari. Nikamwambia kila kitu kipo, na daktari yupo. Akaomba kalamu. Aliandika majina yake matatu kwa herufi kubwa, kisha nambari mbili za simu, kwa sababu moja huwa haina chaji.

"Na breki ya mbele," alisema akinirudishia, "penye mchanga usiishike."

"Huko kunafagiliwa, Mama. Hakuna mchanga."

"Mchanga upo kila pahala," akasema, akaurudia mchele wake.