Meli za Ziwa Letu: Historia Fupi kwa Familia za Naguru



Ndugu wasomaji, kila sikukuu ya Idi inapokaribia, watoto wetu hapa Naguru huomba wapelekwe ziwani wakapande boti. Si ombi baya. Ila tumeona ni vizuri kabla ya kwenda wakajua ziwa hili limebeba nini.

Wa kwanza kulimiliki ziwa walikuwa wenyeji wake. Kabaka wa Buganda alikuwa na mitumbwi mingi ya vita na ya biashara, na mafundi wake mashuhuri walitoka visiwa vya Ssese. Mbao za mitumbwi ile zilishonwa kwa kamba, kama mtepe wa kule pwani. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika kasri ya Kabaka Suna wa Pili na kumweleza habari za Mwenyezi Mungu. Wafanyabiashara Waislamu wa pwani waliofuata walileta na majahazi katika ziwa.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, zama za meli zikaanza. Meli zilitengenezwa Uingereza, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa na kuungwa upya Kisumu. Msafiri wa Kampala alishuka garimoshi Kisumu, akapanda meli mpaka Entebbe au Port Bell, bandari yetu ya Luzira iliyopewa jina la gavana Hesketh Bell. Hali ilikuwa hivyo mpaka reli ilipofika Kampala mwaka 1931.

Hapa pana jambo la kushangaza. Kule Uingereza, mifereji ilichimbwa ili kubeba makaa ya mawe, kisha reli ikaipokonya kazi. Leo familia hukodi boti nyembamba na kwenda polepole, kama mwendo wa mtu anayetembea, wakitazama mashamba. Kwetu reli ndiyo iliyoleta meli, na hata hapa meli za mizigo zilibeba watalii wa kuzunguka ziwa. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilipita Kisumu, Port Bell, Bukoba na Mwanza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali iligawanywa, na Victoria ikaenda Tanzania. Ziwa lilibaki moja, lakini njia zikakatika.

Naam, tusiwafiche watoto upande wa pili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafariki. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama upande wa Mukono, si mbali na Kampala, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Hawa hawakuwa na mzigo wala haraka. Walikwenda kufurahi tu. Boti ilijaza watu kupita uwezo wake, na serikali ikasema haikuwa na leseni. Wengi hawakuvaa maboya ya kujiokolea, kwa kuwa hakuna anayedhani atazama siku ya furaha. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Basi wazazi wenzetu, wapelekeni watoto ziwani. Waonyesheni Port Bell, au wapandisheni MV Kalangala kutoka Nakiwogo hadi Ssese, wakaone walikotoka mafundi wa Kabaka. Wafundisheni dua ya kupanda chombo, na muwakumbushe Nabii Nuh (a.s.), ambaye aliamrishwa kujenga safina kwanza ndipo akapanda. Kwa hiyo, kabla ya dua, hesabuni watu waliomo, na kila mtoto avae boya lake. Chombo kikijaa, shukeni, hata kama nauli imekwisha kulipwa. Nauli hupatikana tena, mtoto hapatikani.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na watoto wetu, nchi kavu na majini. Aamin.