Msitu wa Milima ya Ugweno

Mtu akipanda kutoka Mwanga hata Msangeni, huiacha nyuma nyika yenye miiba, akaingia penye migomba na ukungu. Siku hizi wako wageni wapandao kwa kuburudika tu. Wazee hawakuingia msituni kwa matembezi.

Masimulizi yao, aliyoyatoa Isaria Kimambo kitabuni mwaka 1969, yasema ya kuwa Washana, ukoo wa wahunzi, ndio waliotawala Ugweno kwanza. Chuma chao kilitakwa hata Uchagani. Lakini tanuri hula makaa, na makaa ni miti; bila shaka mashoka yao hayakulala. Kisha Wasuya wakawapindua. Na Mranga wa Wasuya akaimarisha mabaraza na jando la msituni, liitwalo mshitu. Miti ya mahali pale ikawa mwiko kukatwa.

Nami naona mwiko ule ulilinda maji, ijapokuwa haukutajwa hivyo. Kwa maana mawingu ya Bahari ya Hindi hunaswa na vilele kama Kindoroko, chenye mita 2,113, na msitu huyaachia maji polepole. Watu wakayakinga usiku katika ndiva, asubuhi wakayafungulia mashamba kwa zamu.

Ilipokuja dini yetu hofu ya mizimu ikapungua, na vichaka vingine vya koo vikakatwa, vikawa mbao na mashamba. Vingine vimebaki. Mgeni akiona miti mikubwa imesimama peke yake kati ya migomba, na aulize ni ya ukoo gani.