Kitanzi cha Jagodja

Kila ninapofundisha historia ya ukoloni hapa Dodoma, huwaonya wanafunzi wangu juu ya simulizi ya aina moja: ile inayoanza na mzungu jasiri na kumalizika kwa penzi la binti mwenyeji. Wamarekani wanayo yao. Jamestown, koloni la Waingereza lililoanzishwa mwaka 1607, hukumbukwa na wengi kwa mapenzi ya Pocahontas na Kapteni John Smith. Ukweli ni kwamba binti huyo alikuwa mtoto wa miaka kama 11. Baadaye Waingereza walimteka, akaolewa na John Rolfe mwaka 1614, akafia Uingereza mwaka 1617.

Sisi tunaye Carl Peters. Mwaka 1890 alipita hapa Ugogo akitokea Buganda. Watemi wa Kigogo walipomdai hongo, yaani ushuru uliolipwa na kila msafara, alijibu kwa risasi na kuchoma vijiji, kisha akaendelea hadi Mpwapwa. Aliyaandika hayo kitabuni kwa fahari.

Mwaka uliofuata serikali ya Ujerumani ilimkabidhi Kilimanjaro. Kituoni kwake aliishi na wasichana wenyeji, mmoja wao akiitwa Jagodja. Wazungu walimwita suria. Lakini asiye na uwezo wa kukataa hawezi kuitwa mpenzi. Oktoba 1891 Peters aliamuru mtumishi Mabruk anyongwe, akidai ni mwizi. Waliompinga walisema chanzo ni wivu. Jagodja alitoroka, akarudishwa, akachapwa viboko, na Januari 1892 naye akanyongwa.

Mbunge August Bebel aliyafichua haya katika bunge la Berlin mwaka 1896. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimfukuza Peters utumishini. Hakushtakiwa kwa mauaji. Baadaye Kaisari alimrejeshea cheo, mwaka 1937 Hitler akamsafisha, na mwaka 1941 ikatolewa filamu iliyomfanya shujaa.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaielewa tofauti hiyo: kumfukuza mtu kazini si kumtendea haki aliyeuawa. Peters alituachia vitabu. Jagodja hakuachiwa nafasi ya kutuachia hata sentensi moja. Ndiyo maana, tunaposimuliwa penzi la makoloni, swali la kwanza liwe: je, msichana huyu angeweza kusema hapana, kisha akaishi?